Hodi ya Tatu

Jumatatu, 16 Juni. Kilosa.

Shamimu ameingiza kifungo puani. Sasa hivi tu. Kifungo cha shati la shule, kile cheupe kidogo. Nilikuwa napiga pindo la sketi nikasikia anapumua kama paka. Kumwangalia, tundu moja limeziba. Nikapiga kelele. Somo hakupiga kelele. Alinyanyuka kwenye cherehani, akafungua ugoro wake kwenye ncha ya kanga, akamnusisha kidogo kwa tundu lililobaki. Mtoto kapiga chafya, kifungo kikaruka mpaka meza ya kukatia. Somo akakiokota, akakifuta, akakishona kwenye shati.

"Cha mteja hiki," akasema.

Tulicheka sana. Mimi nikaenda uani nikalia. Niliwaza bila Somo ningefanya nini. Jibu nalijua. Ndiyo maana bado niko hapa.

Bi Mwanahawa ni somo yangu. Ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, nilipokaa ndani. Shule ilinishinda kidato cha pili kwa sababu ya mimba, nyumbani wakanifukuza, yeye akanichukua. Sasa ndiye bosi wangu. Ana leseni na kibao mlangoni, tunashona sare za shule. Kampuni ya watu wawili na mtoto chini ya meza.

Ninampenda. Nimechoka. Vyote viwili.

Jumanne, 17 Juni

Nimeomba Ijumaa nipumzike. Somo kanitazama juu ya miwani.

"Kwani hapa kazini, mwanangu? Hapa nyumbani. Mtu anapumzika kwao?"

Basi. Kwao mtu hapumziki. Kwao haombi likizo, hasemi mshahara, anapewa kikiwepo. Kwenye msiba natumwa mimi. Nywele zangu anachagua yeye nisuke vipi. Mtoto akikohoa, yeye ndiye anayesema aende hospitali au anywe mwarobaini.

Ugumu ni kwamba mara nyingi anakuwa sawa.

Alhamisi, 19 Juni

Anjela kapita. Tulisoma wote. Kwao ni juu milimani, na sasa anafanya kazi Mikumi, kwenye hoteli ya mbugani. Kanenepa. Alimwamkia Somo kwa adabu zote, kisha akanivuta pembeni kwa muuza miwa.

Wanatafuta wahudumu wa vyumba. Kampuni kubwa, ina hoteli mbuga nyingi, makao makuu Dar. Sare unapewa. Chakula unapewa. Bima, na mtoto anaingia kwenye bima.

"Shoga, kule ukiumwa unaumwa kwa karatasi," Anjela anasema. "Hakuna mtu wa kukuuliza kwa nini umeumwa."

Nimecheka, lakini neno limeniingia. Kuumwa bila kuulizwa.

Watoto hawaruhusiwi kwenye nyumba za wafanyakazi. Hilo alilisema mwishoni, akiangalia miwa.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwambia Somo. Nilipiga magoti kabisa. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka kola ikaisha. Nikadhani hajasikia. Kisha:

"Mtoto halali na tembo. Muache."

"Nitamfuata, Somo, nikishapata chumba."

"Nimesema muache. Sijasema mengine."

Jumapili, 29 Juni

Kesho safari. Mwari wa Somo akihama, Somo anammwagia maji miguuni kizingitini, ndiyo kumuaga huko, ndiyo ruhusa. Nimeona akiwamwagia wengine, hata yule aliyeolewa Dumila na mume asiyempenda. Jioni hii nimesimama kizingitini kama mjinga, viatu nimevua. Alikuwa anapepeta mchele.

"Unangoja nini? Unakwenda kutembea tu wewe."

Nimevaa viatu.

Shamimu hajui kitu. Ananionesha mdoli aliotengenezewa kwa vipande vya sare. Kichwa kikubwa, miguu hakuna.

Jumatano, 2 Julai. Mikumi.

Kampuni kubwa ni kubwa kweli. Kuna mtu wa taulo peke yake. Kuna mtu wa funguo peke yake. Nimepewa sare ya kijani, beji, kitanda cha chini, na Anjela juu. Msimamizi wa vyumba tunamwita Madam. Si mkali. Anaongea taratibu kama anayesoma.

Kula kuna saa yake. Kupumzika kuna saa yake. Mchana wa leo nilipewa mapumziko nikakaa kitandani nikiangalia mikono. Nilingoja mtu aniite. Hakuna aliyeniita. Nikalala.

Niliamka na furaha. Kisha nikakumbuka kwamba nina mtoto. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeharibu.

Leo nilipewa vyumba vyangu peke yangu. Cha kwanza nikasimama nje nikaita: hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi ya tatu. Kimya. Nikageuka nikaenda cha pili. Vivyo hivyo. Mpaka cha mwisho. Vyote kimya, nikarudi na toroli langu na mashuka safi yote.

Mimi najua hivyo. Hodi tatu, usipoitikiwa, unarudi. Mwenye nyumba hataki au hayupo, na nyumba isiyo na mwenyewe huingii. Somo alinifunda hilo nikiwa ndani, alinifanya nirudie mpaka nikalia. Anayeingia bila kuitikiwa ni mwizi au mchawi.

Madam kaniita. Mgeni mmoja karudi kutoka kuangalia simba, kakuta kitanda kama alivyokiacha.

"Kwa nini hukusafisha?"

"Hawakuitikia, Madam."

"Hawapo! Ndiyo maana tunasafisha!"

"Sasa kama hawapo, Madam, naingiaje?"

Alifunga macho. Akafungua. "Unagonga. Mara tatu. Kisha unafungua. Ufunguo tumekupa wa nini?"

Chakula cha jioni wote walikuwa wanajua. Mpishi akasimama dirishani pake. "Hodi! Hodi! Hodi! Hakuna mtu, wali narudisha jikoni!" Sasa naitwa Bi Hodi. Hata mlinzi wa geti. Nimecheka nao. Nikiwa bafuni sikucheka.

Jumatatu, 7 Julai

Ninagonga, nafungua, naingia. Navutiwa na viatu vya watu, vimekaa kama vinaniuliza wewe nani. Nasema samahani kwa sauti ndogo. Viatu havijibu.

Jumatano, 16 Julai

Shamimu ana homa. Somo kapiga simu ofisini kwetu, kwa sababu simu yangu mtandao hapa unakuja na kwenda. Nikampigia kutoka kwenye kichuguu kule nyuma ya jiko, ndipo panaposhika. Nilimwomba anipe mtoto. Mtoto haongei kwenye simu. Anapumua tu. Nilimsikiliza akipumua mpaka ikakata.

Nikaenda kwa Madam kuomba ruhusa. Alinihurumia, niliona. Akasema niandike, ataipeleka, wanaosaini wako Dar. Nikauliza lini. Akasema wakisaini. Nikasema basi niende kwa miguu mpaka barabara kuu, nipande gari. Akasema hairuhusiwi, ni mbugani hapa, wiki iliyopita tembo waliangusha uzio wa bustani. Gari la wafanyakazi linatoka kwa ratiba yake.

Sikupata wa kumkasirikia. Kwa Somo nikikataliwa, kuna uso. Naweza kununa, naweza kumpa chai ya baridi. Hapa hakuna aliyekataa. Madam hajakataa. Dar hawajakataa. Tembo naye ana kwake. Na siendi.

Nimezingirwa na watu wema.

Ijumaa, 18 Julai

Homa imeshuka. Somo alimpeleka hospitali, malaria, kapewa dawa. Hakunilaumu kitu. Afadhali angenilaumu.

Ruhusa imekuja leo. Imesainiwa vizuri kabisa. Anjela kaibandika juu ya kitanda changu. "Si nilikwambia? Karatasi!" Nimemtupia kandambili.

Jumapili, 27 Julai. Kilosa.

Siku zangu za mapumziko. Nimefika asubuhi na mkate na chupi mpya za Shamimu, zile zenye maua. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi usoni, nicheke vipi, nipanue mikono vipi.

Alikuwa kibarazani. Hakukimbia. Alisimama, akanitazama beji niliyosahau kuivua. Akanipa mkono.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Karibu."

Kisha akaingia ndani, akatoka anakokota kigoda kile cha wateja. Akakifuta kwa kiganja. Akaenda tena akarudi na kikombe cha maji, kakishika kwa mikono miwili, ulimi nje, asimwage. Akapiga goti dogo. Kila kitu sawasawa. Somo anajua kufunda.

Nilikunywa yale maji. Sikujua la kufanya, nikayanywa yote.

Mwanangu kanikaribisha kama mgeni.

Somo alikuwa mlangoni, anaona. Nikatafuta kama anafurahi. Hakufurahi. Aliingia ndani, nikasikia cherehani linakimbia bila kitambaa.

Jumanne, 29 Julai. Mikumi.

Majaribio yangu ya kazi yanaisha mwezi huu. Madam anasema nimekuwa mzuri, vitanda vyangu vinasifiwa, nisaini miaka miwili. Kulala ni humu humu, mtoto hapana. Karatasi iko mezani kwake na kalamu juu yake. Anjela anasema nikiikataa atanipiga.

Nimefikiria nirudi kwa Somo. Mtoto ninaye, chini ya meza, na kifungo puani. Na Ijumaa sipumziki mpaka nizeeke, na huyu mtoto naye atafundwa, ataingia kwenye kiti changu kushona pindo, na hatasema mshahara. Hapana.

Nimefikiria nisaini. Miaka miwili. Atanipa mkono kila nikija. Atakuwa anafuta kigoda. Hapana.

Nilikaa kitandani kama mtu aliyefungiwa nyumba ya milango miwili, yote imefungwa kwa nje.

Jumatano, 30 Julai

Chumba cha kufulia cha kampuni hakiko mbugani. Kiko Mikumi mjini, karibu na barabara kuu, mashuka yanapelekwa na gari. Wanaofanya kule wanalala makwao. Nilijua muda wote. Ila hakuna anayeutaka ufuaji. Joto, dawa zinachubua mikono, na wageni huwaoni, kwa hiyo hakuna wa kukuachia kitu mezani.

Nimekwenda kwa Madam. Sikupiga magoti. Nilisimama.

"Naomba ufuaji, Madam."

"Nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Watu wanaomba kupanda, Mama Shamimu. Wewe unaomba kushuka?"

"Ndiyo, Madam."

Kule mkataba ni wa miezi sita sita, akanieleza, kampuni ikipunguza watu inaanza na kule. Bima ipo. Alisubiri nibadilishe. Sikubadilisha. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema yeye ana wawili, wako kwa mama yake Moshi, wanamwita dada.

Nikasema pole Madam. Akasema nifunge mlango nikitoka.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimempigia Somo. Nimepata chumba Mikumi, uani kwa mama anayepika maandazi, anaangalia watoto wa wapangaji wake. Nimesema kesho nakuja kumchukua Shamimu.

"Umeshuka mpaka kuwa dobi, ili umnyang'anye mtoto kwao?"

"Kwao ni kwangu, Somo."

Akasema: "Mtoto hatoki."

Akakata. Sijawahi kumjibu hivyo.

Jumamosi, 2 Agosti

Niandike kabla sijasahau ilivyokuwa. Shamimu kalala hapa pembeni yangu, mguu wake uko juu ya tumbo langu, mwandiko mbaya ni kwa sababu hiyo.

Mlango wa ofisi ya Somo ulikuwa umefungwa. Mchana, Jumamosi, siku ya wateja, umefungwa. Ndani cherehani linakwenda.

Nikaita hodi. Cherehani likasimama.

Sikuitikiwa. Cherehani likaanza tena.

Hodi ya pili. Nikamsikia Shamimu: "Bibi, mgeni!" Na Somo: "Shii."

Hapo nikaelewa. Ananikataa kwa lile alilonifunda mwenyewe. Anajua mwari wake hawezi kuvuka. Ataita ya tatu, atageuka, atakwenda stendi. Hana haja ya kufuli.

Miguu ilikuwa imeshaanza kugeuka. Kweli kabisa. Kiatu cha kulia kilikuwa kinaangalia barabara.

Hodi ya tatu. Nikahesabu kimoyomoyo kama ninavyofanya vyumbani. Kimya. Nikafungua.

Hakuwa ametia komeo. Mlango uliachia tu.

Somo alikuwa kwenye cherehani, kanga kichwani, ugoro haujaguswa. Shamimu chini ya meza na mdoli. Nzi alikuwa anazunguka.

"Nilikufunda nini?" Somo kauliza. Hakunitazama.

"Hodi tatu."

"Na isipoitikiwa ya tatu?"

"Nirudi."

"Mbona uko ndani?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu, Somo. Nikirudi leo, nitarudi siku zote."

Nilidhani atanilaani. Mwili mzima ulikuwa unaingoja. Alikata uzi kwa meno. Akamwita Shamimu: njoo nikupime. Akamvisha. Gauni la drafti, buluu na nyeupe, kitambaa kipya, si mabaki. Alikuwa anashona hilo. Akampiga piga mabegani kunyoosha.

"Pindo nimeacha vidole vinne," akasema. Hapo ndipo aliponitazama. "Akirefuka utafumua. Kufumua unajua."

Nguo zake nyingine zilikuwa zimekunjwa kwenye mfuko, na mdoli, na kichupa cha dawa ya kikohozi. Kwa hiyo alikuwa ameshafunga mizigo. Kafunga mizigo, kafunga na mlango. Nalitafakari hilo mpaka sasa.

Akaenda mtungini akachota kata ya maji. Kizingitini akainama, magoti yake yakalia, akammwagia Shamimu miguuni. Mguu huu na huu. Mtoto kacheka, maji ya baridi.

Mimi nilikuwa nimevua viatu.

Akasimama, kata imebaki na maji. Akayanywa. Akaingia ndani.

Nimeondoka na miguu mikavu. Mtoto kaagwa, mimi sijaagwa. Nilitembea mpaka stendi kama mtu aliyesahau kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Ufuaji ni kazi. Pasi ya kule ni kubwa kama mlango. Vidole vimechubuka, shuka nyeupe zinanifuata mpaka kwenye ndoto. Hakuna anayeniita Bi Hodi, hawajui. Nikitoka nakwenda kwa miguu nyumbani, na hakuna tembo, ni malori tu na vumbi lake.

Shamimu alilia usiku mmoja akimwita bibi. Nilimwacha alie. Mimi pia nilitaka kumwita.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetuma salamu tena kwa Somo. Ujumbe umefika, hajajibu. Nasikia kazi za muhula zimemzidi na yuko peke yake. Najua atakuwa anapiga pindo mwenyewe, na macho yale.

Kwenye ufuaji kuna maneno kwamba wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kupunguzwa. Wa mwisho kuingia ni mimi. Huku siwezi kununa kwa mtu, kule siwezi kurudi bila kuagwa. Niko katikati. Lakini niko katikati na huyu, anakula andazi, anambakishia mdoli kipande.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi tulivu. Nimefua zetu sisi, vinguo viwili vitatu, raha kufua kidogo.

Chumba chetu kina pazia, mlango mwenye nyumba atautia mwezi ujao. Shamimu akitoka kukojoa anasimama nyuma ya pazia, naona vidole vya miguu, anaita hodi. Anangoja. Nimemwambia kwa mama yako huna haja. Ananisikiliza, anakubali, kisha anatoka anaita tena. Nadhani anapenda nikimjibu. Kwa hiyo namjibu. Karibu, karibu, karibu.

Anjela alipita Kilosa juzi. Alimwamkia Somo, akaitikiwa, basi, hakuulizwa habari zangu. Lakini anasema chini ya meza ya kukatia, pale pa Shamimu, vipande vya vitambaa viko vile vile, vyote. Somo anafagia ofisi nzima kila siku, yule, vumbi hulioni. Pale anapazunguka na ufagio.

Sijui nilifikirieje hilo. Nimegeuza pindo la lile gauni nikaliangalia. Mshono wa mkono, mdogo mdogo, wa kufumuka kirahisi. Nikikaa miezi sita na wakinipa mingine, nitamtafutia chekechea, na nitakwenda Kilosa na viatu mkononi, nisimame pale kizingitini hata kutwa. Nimeshaamua hivyo. Au nimwandikie aje aone tunavyoishi, ingawa hajawahi kutoka Kilosa kumfuata mwari, yeye ndiye anayefuatwa, na gari kwake

Kuna mtu uani anaita hodi. Shamimu kaacha andazi, kainuka, ananitazama. Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Anamuuliza mama mwenye nyumba Mama Shamimu anakaa chumba kipi, nasikia kikohozi chake cha ugoro. Sasa yuko nje ya pazia, naona ncha ya kanga, na miguu yenye vumbi la safari. Hodi nyingine. Hiyo ya pili. Sitaki ifike ya